Rodi nyepesi na uzi wa kusuka kwa mlango wa mto na mikokoni: nichukue vipimo gani?

MtoPangani

Habari wakuu. Nataka kununua rodi nyepesi na rili ndogo kwa ajili ya mlango wa mto Pangani. Nitavua zaidi kutoka ukingoni upande wa Bweni, na siku nyingine kwenye mtumbwi kando ya mikoko. Mpaka sasa natumia mshipi wa mkono, nailoni ya 0.50.

Samaki ninaowalenga ni chaa, sondo, karamamba, kolekole wadogo na wale kungu wekundu wa mikokoni. Wengi hawafiki kilo 2, ila mkubwa akitokea nisibaki na rodi tupu. Chambo ni kamba hai, vipande vya ngisi, na samaki wa mpira wa gramu 7 hadi 12.

Maswali yangu: urefu gani wa rodi? Uzi wa kusuka unene gani, na wa nyuzi 4 au 8? Lida, kile kipande cha uzi kinachounganisha uzi mkuu na ndoana, ni lazima? Dukani wananisukuma nichukue uzi wa paundi 50 "ili niwe salama", na kwa akili ya mshipi wa mkono naona kama wana hoja. Uzi mnene si ndio salama zaidi?

NahodhaWaHori

Mkuu, anza na uzito wa unachorusha, samaki baadaye. Rodi hurusha kwa kupinda. Chambo kikiwa chepesi mno haipindi na kitu kinaanguka mita kumi mbele yako. Kikiwa kizito mno inalegea na siku moja inavunjika juu ya pete ya tatu au ya nne. Tazama maandishi madogo juu ya mshikio. Utakuta kipimo cha gramu, kwa mfano 5–14, 7–21, 7–28, 10–30. Hicho ni kipimo cha mzigo mzima: chubwi, ndoana na chambo chenyewe. Chubwi ya gramu 12 na kamba wa gramu 8 tayari ni 20, wala hujaongeza kitu.

Sasa uangalie maji yako. Wakati wa maji mafu, gramu 7 hadi 10 zinafika chini na kukaa. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mtoni kwa kasi, gramu hizo hizo zinaburutwa kama hazipo na utahitaji 20 au zaidi. Kwa hiyo rodi ya 7–28 ndiyo inayokufaa, herufi zake huwa ML (nyepesi ya wastani) au M (ya wastani). Ile ya 3–10 ni tamu kwa sondo na chaa siku za maji mafu tu. Na mkondo ukikulazimisha kupita gramu 28, usiongeze chubwi, hama: sogea nyuma ya ncha ya mchanga au kwenye ukingo wa ndani wa kona, ambako maji hupungua kasi. Samaki nao wanakaa huko.

Urefu: mtumbwini futi 6 na nusu hadi 7, kwa sababu matawi ya mikoko yako juu ya kichwa na rodi ndefu inagonga kila unapoinua. Ukingoni futi 8 hukupa umbali na huinua uzi juu ya mawimbi madogo ya kwenye kina kifupi. Ukinunua moja tu, chukua futi 7 na nusu, takriban mita 2.3, vipande viwili. Mtumbwini utaivumilia.

Mpindo: ncha inayopinda peke yake huku tumbo likibaki gumu ni nzuri kwa samaki wa mpira, kwa sababu unamchezesha kwa kifundo cha mkono. Kwa kamba hai chukua inayopinda mpaka katikati. Uzi wa kusuka haunyumbuki, kwa hiyo ulaini wote unaouhitaji utoke kwenye rodi na breki. Chaa na sondo wana midomo laini. Rodi ngumu pamoja na uzi usionyumbuka inachana mdomo na ndoana inarudi na kipande cha nyama.

Sasa hizo paundi 50. Hapana, zitakuharibia kila kitu. PE ni polietilini, plastiki ya uzi wa kusuka, na namba yake huonyesha unene: uzi wa PE 1 una takriban milimita 0.165. PE 3, ambao ndio huuzwa kama paundi 40 hadi 50, ni takriban 0.285. Spuli inayomeza mita 200 za PE 1 itameza kama mita 65 za PE 3. Halafu mkondo na upepo vinasukuma unene wa uzi: uzi mnene unajipinda majini kama tumbo la tanga, unainua chubwi kutoka chini, na samaki akidona husikii kwa sababu kati yako na ndoana kuna upinde wa uzi. Na nguvu yenyewe huwezi kuitumia. Rodi ya ML haiwezi kuvuta kilo 20, ndoana namba 1/0 ya waya mwembamba itanyooka mapema, na breki ya rili ndogo inaishia kilo 4 au 5. Utakuwa umenunua nguvu isiyo na pa kushikia.

PE 1 halisi hukatika kwenye kilo 7 hadi 9 hivi, kutegemea ufumaji. Inatosha kwa samaki wote uliowataja. Nailoni yenye nguvu hiyo hiyo ina unene wa karibu mara mbili.

Nyuzi 4 au 8: nyuzi 8 ni mviringo zaidi, laini, hupita kwenye pete bila kelele na hufika mbali. Nyuzi 4 ni kavu, hukwaruza pete kidogo, lakini kila uzi mmoja ni mnene zaidi, kwa hiyo ukisuguliwa na chaza hauchanikichaniki upesi. Bei yake pia ni rafiki. Kwa mikokoni mimi ningeanza na nyuzi 4. Kwa ukingo wa mchanga, nyuzi 8.

BintiTudor

Nakubaliana na Nahodha kuhusu rodi. Kuhusu uzi, hapana. PE 1 mikokoni ni kumpa kaka kazi ya kufunga mafundo kutwa.

Kungu wa mikokoni hakimbii mbali. Anakula akiwa mita moja nje ya mizizi na safari yake nzima ni kurudi ndani. Huna nafasi ya kumwachia uzi. Mizizi ya mikoko imejaa chaza, na chaza ni wembe. Sekunde mbili za kwanza ndizo zinazoamua, na hapo unatakiwa breki iliyokazwa hadi kilo 3 au hata 3.5. PE 1 yenye fundo lisilo kamili inakatikia hapo hapo.

Mimi nashauri PE 1.5, takriban milimita 0.20, na lida ya florokaboni (uzi mmoja mgumu wa plastiki) ya paundi 25 hadi 30. Rodi iwe M, 7–28 au 10–30. Umbali unapungua kidogo, sawa, lakini kando ya mikoko unarusha mita 15. Umbali wa nini?

Tena usikadirie breki kwa kuvuta uzi na vidole. Tafuta mizani ndogo ya kutundika, ile ya kupimia mizigo. Funga ncha ya uzi kwenye ndoana ya mizani, mwenzako aishike, wewe simama na rodi iliyoinuliwa kwa pembe ya nyuzi 45, uzi ukiwa umepita kwenye pete zote. Vuta taratibu usome kipimo pale spuli inapoanza kuzunguka. Ukipima moja kwa moja kutoka kwenye rili bila rodi utapata namba ndogo kuliko samaki atakavyoikuta, kwa sababu pete na mpindo wa rodi huongeza msuguano.

Kanuni ya kawaida ni robo ya nguvu ya kiungo dhaifu kuliko vyote. Uzi wa kilo 8, lida ya kilo 9, fundo linalobakiza asilimia 80: kiungo dhaifu ni kilo 6.4, robo yake ni kilo 1.6. Hiyo ni kwa maji wazi, kolekole akimbie mpaka achoke. Mikokoni ndipo unapopanda hadi nusu, na ndiyo maana nataka uzi wenye akiba. Kwa chaa na sondo shuka hadi nusu kilo.

NahodhaWaHori

Dada BintiTudor, kinachokutana na chaza ni lida, uzi hauko huko. Samaki akishaingiza mita 2 za lida mizizini, PE 1 na PE 1.5 zote zitakatika. Uzi wa kusuka ukiwa umekazwa hauna mjadala na kitu chenye makali, hata ukiwa wa paundi 50. Mahali pa kuongeza nguvu ni kwenye lida: ongeza unene, na ongeza urefu hadi mita 1.5 au 2.

Hata hivyo hoja ya breki ya kilo 3.5 ni ya kweli, siwezi kuipinga. Basi MtoPangani anunue rili yenye spuli ya akiba. Moja PE 1 yenye lida ya paundi 15 kwa mchanga na mlango wa mto, nyingine PE 1.5 yenye lida ya 30 kwa mikoko. Kubadilisha spuli ni suala la kufungua kitufe cha breki na kukirudisha, dakika moja. Ukinunua, hakikisha spuli ya pili iko ndani ya boksi kabla hujalipa. Kuitafuta baadaye peke yake ni shughuli.

Rili yenyewe iwe namba 2500 au 3000. Namba hizo zinatofautiana kati ya kampuni na kampuni: 2500 ya Daiwa na 2500 ya Shimano si lazima zilingane. Soma uwezo wa spuli. Ukiona imeandikwa PE 1 mita 200 au karibu na hapo, ndiyo. Ukiona nailoni ya 0.35 mita 200, hiyo spuli ni ya kina kirefu na utahitaji kuijaza nailoni chini kwanza.

FundiRili

Wakuu mmemaliza vipimo, ngoja niseme kuhusu kufunga, maana nusu ya malalamiko kuhusu uzi wa kusuka ni makosa ya siku ya kwanza ya kuujaza.

Usifunge uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye spuli tupu ya chuma. Ni laini, haushiki, na samaki akivuta, mzigo wote wa uzi huzunguka juu ya spuli huku breki ikiwa imekaza. Utadhani breki imekufa. Anza na nailoni ya 0.25 au 0.30, kisha unganisha na uzi wa kusuka kwa fundo la yuni mbili: mizunguko 5 upande wa nailoni, 8 upande wa uzi wa kusuka.

Nailoni kiasi gani? Kama una spuli mbili zinazofanana, huna haja ya hesabu. Jaza uzi wako wa kusuka kwanza, mita 150 zote, kwenye spuli ya akiba. Unganisha nailoni juu yake uendelee mpaka spuli ijae ipasavyo. Kisha uhamishe wote kwenye spuli ya pili: nailoni iliyokuwa juu sasa iko chini, na uzi wa kusuka unaishia pale pale unapotakiwa kuishia. Ukijaza spuli ya kutumia, acha milimita 1.5 hadi 2 kutoka ukingoni. Nailoni inasamehe spuli iliyofurika, uzi wa kusuka hausamehi.

Na ujaze kwa kuukaza. Shika uzi kwa kitambaa kilicholowa, juu ya pete ya kwanza, na ukaze mpaka rodi ipinde kidogo wakati unazungusha. Uzi uliojazwa ukiwa legelege una hatari mbili: unapovutwa na samaki, uzi wa juu unazama katikati ya uzi wa chini na kukwama, kisha urushaji unaofuata unakatika hewani na chambo kinakwenda zake Pemba.

Lida na uzi: jifunze fundo la FG. Ni jembamba, linapita kwenye pete bila kugonga. Kaza uzi wa kusuka kati ya ncha ya rodi na mkono wako. Ukiuzungushia kidole, weka kitambaa kwanza. Lida ipite katikati, nawe uizungushie uzi huku kila mzunguko ukipishana na uliotangulia, mmoja kutoka juu, unaofuata kutoka chini, kama miyaa inavyopishana kwenye ukili. Mizunguko 20 kwa lida ya paundi 15 hadi 20. Kwa lida ya 30 hata 16 yatosha. Usiruhusu mzunguko mmoja upande juu ya mwingine.

Ukifika 20, piga kifundo kimoja cha nusu kinachobana lida na uzi pamoja, ili msuko usifunguke. Lowanisha. Sasa vuta lida upande huu na uzi upande ule, kwa nguvu kweli, mikono ikiwa imefungwa kitambaa. Utaona msuko unafupika na rangi yake inakolea, kama uliolowa mafuta. Rangi isipokolea, bado haujauma lida, na fundo litateleza kwa samaki wa kwanza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanavuta kiasi, wanaona limekaa, wanakata ncha. Likishauma, ongeza vifundo vya nusu 5 au 6, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kata ncha ya lida karibu kabisa. Piga vifundo vingine 4 juu ya uzi peke yake ili ncha iliyokatwa isichome pete. Usichome ncha ya lida kwa kibiriti. Uzi wa kusuka huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, chini sana kuliko nailoni, na mwali ukiugusa kidogo tu umepoteza nguvu bila kuonyesha alama.

Mtumbwini kwenye mawimbi FG haifungiki kwa raha. Tumia yuni mbili na ufupishe lida iwe mita 1, fundo libaki nje ya ncha ya rodi wakati wa kurusha. Lida kwa ndoana au kwa swivo (kiungo kinachozunguka), fundo la yuni la mizunguko 5 linatosha. Ukifunga uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye swivo, tumia Palomar. Uzi upite mara mbili kwenye tundu. Mafundo mengi mazuri kwa nailoni huteleza kwenye uzi wa kusuka.

MtoPangani

Shukrani sana, nimeelewa. Maswali yaliyobaki. Moja, duka la jirani wana rodi za kuchomoka, zile zinazoingia ndani kama antena. Bei nzuri na zinabebeka kwenye bodaboda. Vipi? Mbili, nitajuaje uzi wa kusuka ni halisi? Kuna boksi limeandikwa paundi 80, unene 0.16, na ni rahisi mno. Tatu, naogopa ule mvurugano wa uzi kwenye upepo wa kusi. Nasikia uzi wa kusuka ukivurugika hautatuliki.

BintiTudor

Za kuchomoka: zipo nzuri, lakini za bei ile zina pete chache, tano au sita, na pete zikiwa chache uzi hufuata mstari wake badala ya kufuata mpindo wa rodi. Mzigo wote unaangukia kwenye viungo. Pia pete hujizungusha: unarusha, na pete mbili zimeelekea pembeni. Chumvi na mchanga vikiingia kwenye viungo zinakwama wazi au zinakwama zimefungwa. Rodi ya futi 7 na nusu ya vipande viwili inakuwa kama mita 1.15 ikikunjwa. Boda inaibeba, ilaze mgongoni ndani ya kipande cha bomba la plastiki.

Pete zikague hapo hapo dukani kwa kipande cha pamba. Pitisha pamba ndani ya kila pete ukizungusha. Nyuzi za pamba zikinaswa, pana ufa. Nailoni hupita juu ya ufa huo kwa muda mrefu bila shida, uzi wa kusuka utachanika siku hiyo hiyo. Angalia zaidi pete ya ncha.

Kisha unganisha vipande viwili, pitisha jicho kuanzia mshikioni mpaka nchani kama unalenga shabaha. Pete zote zikae mstari mmoja. Kiungo kikiingia mpaka mwisho bila kubakiza nafasi hata kidogo, kwa rodi za aina ya kipande kuvishwa juu ya kingine, huenda hakitakuwa na pa kukazia kikichakaa.

Tena jambo ambalo watu husahau: kaboni hupitisha umeme. Radi za masika zikianza kusikika, laza rodi chini, na usiirushe popote chini ya nyaya.

FundiRili

Paundi 80 kwenye 0.16 haipo duniani. Kimojawapo cha namba hizo ni uongo, na mara nyingi ni vyote viwili: utakuta unene ni 0.30 na nguvu ni ya kawaida. Lakini kuna jaribio rahisi la kujua malighafi. Uzi halisi wa PE ni mwepesi kuliko maji, uzito wake ni 0.97 kwa 1 ya maji. Nailoni ni 1.14, poliesta ni karibu 1.38. Kata kipande cha sentimita 2, kisugue kwa vidole vyenye tone la sabuni ili hewa na ngozi ya maji visikidanganye, kizamishe chini ya glasi ya maji matamu ukiachie. Kikipanda juu ni PE. Kikibaki chini, wamekuuzia kamba ya kushonea. Maji ya bahari yasitumike kwa jaribio hili, ni mazito zaidi.

Unene unaweza kuupima bila chombo. Zungushia uzi kwenye penseli mizunguko 50 iliyolala bega kwa bega bila kuibana, pima upana kwa rula, gawanya kwa 50. Milimita 8 hivi ni PE 1. Ukipata milimita 15, unajua uko kwenye PE 3 hata boksi liseme nini.

Kuhusu mvurugano, chanzo chake si upepo wenyewe. Chanzo ni kitanzi kimoja kilicholegea juu ya spuli. Unarusha, chambo kinatua, uzi uliobaki hewani umelala legelege. Unazungusha mkono wa rili ili waya wa rili, ule unaoongoza uzi kwenye spuli, ujifunge wenyewe, na mzunguko wa kwanza unafungia ulegevu huo ndani. Urushaji unaofuata, kitanzi hicho kinatoka pamoja na mizunguko ishirini nyuma yake. Upepo wa kusi unaongeza ulegevu, basi.

Kwa hiyo: chambo kikikaribia kutua, gusa ukingo wa spuli kwa kidole cha shahada uzi upunguze mwendo. Funga waya kwa mkono, kamwe usiufunge kwa kuzungusha. Kabla ya kukunja, vuta uzi kwa mkono kati ya rili na pete ya kwanza mpaka usikie uzito wa chambo, ndipo ukunje. Upepo ukiwa wa mbele, rusha chini, chambo kiende kama jiwe la bapa, na uongeze gramu 4 au 5. Chambo chepesi dhidi ya upepo ndicho kinachovuruga wengi.

Ukivurugika, usivute. Ukivuta umeshalifanya fundo. Legeza breki kabisa, tafuta kitanzi kilichobana mengine, kichokonoe kwa ncha ya ndoana ukikipanua pande zote. Uzi wa kusuka haushiki kumbukumbu, mara nyingi unafunguka. Usipofunguka, kata, poteza mita 10, endelea. Vipande rudi navyo nyumbani. Ndege wa mikokoni hunasa miguu humo na haviozi.

NahodhaWaHori

Niongeze ya kukwama, maana hapo wewe wa mshipi wa mkono utaumia. Nailoni ya 0.50 uliizoea kuizungushia kiganjani na kuvuta. Uzi wa kusuka usiuzungushie mkono hata mara moja, unakata mpaka kwenye mfupa. Beba kijiti cha sentimita 15. Zungushia uzi mara 6, shika kijiti pande zote mbili, vuta nyuma polepole. Rodi isihusike kabisa: ielekeze kwenye mwamba au mzizi uzi unyooke, au ilaze chini. Ukivuta kwa kuinua rodi, au ukimwinua samaki mtumbwini huku rodi imesimama wima mbele ya pua yako, ncha inavunjika kwa sababu mpindo wote umebanwa kwenye sentimita 30 za mwisho. Samaki wa zaidi ya nusu kilo apokelewe kwa wavu au uishike lida kwa mkono.

Ukirudi nyumbani, kaza breki kabla ya kuosha ili maji yasiingie kwenye sahani zake. Osha kwa maji matamu ya kumwagika taratibu, usitumie mpira wa presha, presha husukuma chumvi ndani ya beringi. Spuli uimwagie maji mpaka uzi ulowe vizuri. Chumvi hukaa ndani ya ufumaji na ikikauka inasugua pete kama msasa. Ikishakauka kivulini, legeza breki. Kila ukianza safari mpya kata mita 2 za mwanzo na ufunge lida upya. Rangi ikipauka, geuza uzi wote: sehemu iliyokuwa chini ya spuli haijaona jua wala chaza.

Kuhusu rangi, chukua inayoonekana, njano au chungwa. Maji ya mlango wa Pangani ni ya matope na lida ndiyo iliyo karibu na samaki. Sondo wengi utawagundua kwa kuuona uzi ukisogea pembeni kabla hujasikia chochote mkononi.

Na mkuu, mto wako una mamba. Usiingie maji ya magotini kutafuta umbali wa kurusha. Hiyo ndiyo kazi ya rodi ya futi 8.

MtoPangani

Nimepanga hivi: futi 7 na nusu, 7–28, rili 2500 yenye spuli mbili, PE 1 nyuzi 8 na PE 1.5 nyuzi 4. Swali la mwisho. Huku bunju ni wengi, wanakata hata nailoni yangu nene. Niweke kipande cha waya wa chuma juu ya ndoana?

BintiTudor

Waya hapana, kwa chambo cha gramu 10 unakigandisha na karamamba hatamgusa kamba wako. Ukiona lida imekatwa safi sentimita 1 juu ya ndoana, ni bunju. Mzia naye hukata, lakini yeye hukata juu zaidi na unasikia pigo kabla. Kwa bunju, funga kipande cha sentimita 15 cha florokaboni ya paundi 40 mwishoni mwa lida, na ndoana yenye shina refu. Chambo kiwe kigumu: kipande cha ngisi chenye ngozi badala ya kamba. Wakizidi, usigombane nao, hamia maji yanayokwenda kasi kidogo. Bunju si mwogeleaji wa mkondo. Ukimpata, mtoe ndoana kwa koleo, usimkaribishe vidole, na usimpeleke jikoni.